Mkono wa Kombo Ndani ya Gemu la Kriketi

8 Februari

Mdogo wangu Betri,

Gemu lako la kriketi limefika na limefunguka bila shida, ila kompyuta yangu inahema kama mzee anayepanda ngazi. Uliniomba nilicheze kisha nikwambie ukweli, tena kwa maandishi, maana kwenye simu mimi na wewe hatuchelewi kugombana. Haya, kaa kitako.

Kwanza sifa, usije ukasema dada yako ana roho mbaya. Sauti ya mpira kwenye gongo! Nilipoisikia mara ya kwanza, nywele zilinisimama. Mpira ukigongwa katikati ya ubao unatoa mlio mzito na mtamu. Ukigongwa ukingoni unalia kama kikombe chenye ufa. Nani kaifanya kazi hiyo? Mpe mkono kwa niaba yangu. Pili, uwanja wenu unachakaa. Mechi inavyoendelea udongo unapasuka na mpira unaanza kuruka vibaya, kama ilivyo kweli. Gemu nyingine zote nilizowahi kuona, uwanja ni zulia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na upigaji wenu una haki: mwenye papara anatolewa mchezoni, mtulivu anavuna.

Sasa kasoro. Wadakaji wenu wanajitupa chini mpira ukishapita, kama dereva anayekanyaga breki baada ya kugonga. Mtangazaji anasema "mambo yamepamba moto" hata mtu akifunga kamba za viatu. Wachezaji wa kike mmewapa miili ya wanaume mkawavisha nywele. Mwamuzi wenu hakosei kamwe. Sasa mtu akishindwa amlaumu nani? Lakini donda ndugu ni urushaji. Warushaji wote wana mkono mmoja, mrefu, mnyoofu kama rula! Mimi kazi yangu ni kuupindisha mpira kwa vidole, na nakwambia mpira wenu haupindi, unakata kona kama umeamriwa na askari. Hakuna kidole humo ndani.

Najua utauliza nimepata wapi nafasi ya kucheza hivi na msimu umeshaanza. Bega. Limekaza kidogo, kocha kasema nipumzike. Si kitu. Kiwandani tunakata magodoro kama kawaida na vumbi la sponji linaniingia masikioni kama kawaida. Mama mzima.

Dada yako,
Kombo


15 Februari

Dada Kombo, shikamoo.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Ofisi nzima ni sisi watu wachache kwenye chumba kilicho juu ya duka la vigae, lakini walisikiliza kama darasa siku ya matokeo. Mwenzetu wa sauti nusura alie kwa furaha. Unajua alirekodia wapi lile gongo? Chooni. Ndicho chumba pekee chenye mwangwi unaomfaa, na wiki ile wengine wote tulikuwa tunashuka kuomba choo kwa watu wa vigae.

Mkurugenzi alikunja uso. "Huyu dada yako anatupenda au anatuchukia?" Nikamjibu, "Angetuchukia angetusifia tu."

Sikufichi, dada: gemu letu la kwanza lilikufa kabla halijatambaa. Hili nalo likifa, chumba hiki kinarudi kuwa stoo ya vigae na mimi nabeba kompyuta yangu kichwani. Kwa hiyo sitaki kubembelezwa. Mtangazaji nitamfunga mdomo. Wadakaji wana ugonjwa mkubwa, nitawatibu kadiri nitakavyoweza. Mwamuzi nimeshamshughulikia: nimempa macho makali na ubishi kidogo. Toleo jipya liko njiani, utacheka mwenyewe.

Kuhusu vidole nina ombi. Tuna chumba chenye kamera pande zote. Mtu anavaa suti nyeusi yenye vishanga vinavyong'aa, anarusha mpira, na kamera zinakamata kila kiungo chake kinavyokwenda. Tulimtumia kijana mmoja mchezaji wa kikapu, ndiyo maana warushaji wote wana mkono wa rula. Bega likipona, njoo uturushie wewe. Nauli juu yetu, wali juu yangu, matusi juu yako.

Mdogo wako,
Betri


24 Februari

Betri,

Nimecheka sana.

Nimekaa, nimechagua mrushaji, nimerusha mpira wa kwanza, na mwamuzi wako kanyoosha mkono pembeni: batili. Mtangazaji naye, ambaye ulisema utamfunga mdomo, kadakia: "Huyu harushi, anatupa!"

Kumbe Mama alikwambia, nawe ukaona ni kichekesho cha kuwauzia watu. Klabuni hakuna aliyenicheka usoni. Nilikuwa nangoja nichekwe na ndugu wa tumbo moja.

Bega lisikusumbue tena. Na hiyo suti ya vishanga mtafutieni mwingine wa kumvalisha.

Kombo


27 Februari

Dada,

Simu hupokei, ujumbe husomi, basi naandika, maana najua barua huwezi kuiacha imefungwa.

Haki ya Mungu sikujua. Mama alinidokeza jambo moja tu, tena bila kukusudia: aliniambia Jumamosi ulifua mapazia yote na unataka kupaka jiko rangi. Nikajiuliza, Kombo yuko nyumbani siku ya mechi, anafua mapazia? Nikajijibu mwenyewe, ni bega. Ulipoandika juzi ndipo nikambana. Akasema, "Walimwambia mwanangu anatupa mpira. Tangu siku hiyo hataki kusikia neno kriketi humu ndani, isipokuwa hilo gemu lako." Akakata simu kwenda kulia, nami nikabaki na simu mkononi kama mwehu.

Ulilalamika kwamba mwamuzi hakosei. Nikamwingizia kila kosa lililomo kwenye sheria, na hilo la kutupa likiwemo, kisha nikaiachia kompyuta ichague. Ikakuchagulia wewe. Nimeliondoa kwanza, mpaka wewe useme.

Sasa nisikilize. Ulivunjika mkono ukiwa mtoto, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo haunyooki wote. Mtaa ukakuita Kombo, nawe ukalivaa jina hilo kama cheo. Lakini sheria haikatazi mkono uliopinda! Nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya gemu hili. Inachokataza, na ndiko kunakoitwa kutupa, ni kiwiko kunyooka katikati ya kurusha, kwa zaidi ya nyuzi kumi na tano. Jicho la mtu haliwezi kupima kitu hicho. Likiona mkono umepinda linadhani limeona kosa. Kamera zetu zinaweza kupima.

Sikuiti kwa huruma. Nakuita kwa sababu wewe hujui, mimi sijui, na waliokusimamisha nao hawajui.

Betri


6 Machi

Mdogo wangu,

Nilikurukia kabla ya kuuliza. Tuyaache hayo.

Siku ile tulikuwa tunaelekea kushinda. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mpole, wa kukuombea dua ukipiga chafya. Nikarusha, akanyoosha mkono pembeni. Nikadhani nimekanyaga mstari. Nikarudi nyuma, nikarusha tena. Batili. Nikamuuliza, "Mama, ni mguu?" Akasema kwa sauti ya chini, "Ni mkono, mwanangu." Kapteni akaja akanishika begani: "Mpe mwingine mpira, dada." Nikampa. Nikaenda kusimama kule mpakani, na nyuma ya kamba mtu akamwambia mwenziwe, "Ndiye huyo anayetupa."

Chama kikaagiza nikapimwe kwenye maabara yao, na kabla ya hapo nisirushe. Sijaenda. Watu wanadhani nimesusa. Mdogo wangu, naogopa. Wakinipima wakaona kweli natupa, kila mpigaji niliyewahi kumtoa nitakuwa nilimwibia.

Wenzangu wakienda kula mchana mimi naingia stoo, narusha mpira kwenye rundo la magodoro. Mpira unazama humo, haurudi. Inabidi niufuate kila mara. Ndiyo kriketi yangu ya siku hizi, hiyo na gemu lako.

Nitakuja. Lakini kwa masharti. Mama asijue. Majibu usinipe mbele ya wenzako. Niandikie, niyasome peke yangu. Na usipunguze hata nukta. Ukinidanganya kwa wema nitajua, nimekubadilisha nepi mimi.

Nitarusha aina zote, pamoja na Kinyonga. Unaukumbuka, ule mpira unaogeukia upande ambao mpigaji hautarajii. Ndio uliotuletea kikombe mwaka juzi.

Kombo


22 Machi

Dada Kombo,

Naamini ulifika salama. Uliondoka bila kumuaga mtu wa sauti, na analalamika. Amerekodi pumzi zako unapokimbia na anasema hajawahi kupata kitu kizuri kama hicho. Mkurugenzi naye anamuigizia kila mgeni jinsi ulivyomwambia, "Sogea bosi, umesimama kwenye njia ya mpira."

Ulisema nisipunguze.

Mpira wako wa kawaida, ule unaoupindisha kwa vidole: kiwiko kinanyooka nyuzi tisa. Wakati mwingine nane, wakati mwingine kumi. Hakikuvuka hapo hata mara moja. Mkono wako umepinda, dada, lakini hautupi. Mwamuzi alidanganywa na macho yake.

Kinyonga ni habari nyingine. Nyuzi ishirini na mbili. Nikadhani vishanga vilihama, nikapima upya. Nikamwita mwenzangu apime bila kumwambia ni mkono wa nani. Jibu ni lile lile. Kinyonga unatupwa.

Sentensi hiyo nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena.

Kuna jambo jingine. Mkurugenzi amekiona Kinyonga kwenye skrini na amepagawa. Anataka kiwe silaha kubwa ya gemu zima, na mrushaji wake aitwe Kombo. Nami nimewaza hivi: humu ndani hakuna chama wala maabara. Humu unaweza kukirusha maisha yako yote na hakuna atakayekunyooshea mkono. Nikaona angalau nikupe hilo.

Niambie unavyotaka.

Betri


2 Aprili

Betri,

Barua yako niliisomea stoo. Nikakaa juu ya magodoro mpaka msimamizi akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia nimefiwa. Akavua kofia, akasema, "Pole sana. Ni nani?" Nikasema, "Kinyonga." Aliondoka kinyumenyume, polepole.

Nimelia, usidhani mimi chuma. Kinyonga nilijifunza peke yangu kwenye ukuta wa jikoni, Mama akinifokea kwa madoa. Hakuna aliyenifundisha, kilikuwa changu. Na kumbe wale walionyoosha kidole walikuwa na haki kwa sehemu. Hilo linauma kuliko kama wangekuwa wamenionea tu.

Kisha nikarudi kusoma mistari ya juu. Tisa. Nane. Kumi. Nikaisoma mpaka ikaniingia. Mdogo wangu, nina mpira halali! Mmoja, lakini halali.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sitaki kukaa ndani ya gemu kama mzuka, nikifanya nilichokatazwa nikiwa hai. Mkimweka mtu mwenye mkono wangu na jina langu, arushe ninavyorusha mimi, na mkono wake msiunyooshe hata kidogo ili apendeze. Mkurugenzi akikitaka Kinyonga, akiweke pamoja na adhabu yake: anayekirusha ajue mwamuzi anaweza kumwona, na akionekana atoke uwanjani. Lile kosa ulilonitolea, lirudishe. Mwanzoni liliniumiza kwa sababu lilikuwa kweli. Gemu lisilo na kitu hicho linasema uongo.

Chama nimekwisha kukiandikia, naenda kupimwa. Kabla hawajawasha kamera zao nitawaambia mwenyewe kwamba kuna mpira mmoja nimeuacha.

Na kwa kuwa uliniajiri nikutafutie kasoro: mrushaji mpya kwenye toleo ulilonitumia ni mwanamke kweli, na mpira wake una kidole, nimeusikia mpaka kwenye pedi ya kuchezea niliyoshika. Hongera. Wadakaji bado wanaanguka kama magunia.

Kombo


19 Mei

Dada Kombo, shikamoo.

Ilikuwa vita. Mkurugenzi alisema, "Watu wananunua gemu wacheze, si wahukumiwe." Nikamwambia basi dada yangu atoke, na mimi nitoke naye. Mtu wa sauti akasema naye anatoka, na kwenye mlango wa choo alichorekodia tuandike jina lake tumkumbuke. Tukanuniana siku kadhaa, kila mtu na kikombe chake cha chai.

Mwishowe nikatengeneza kama ulivyotaka, nikamkabidhi Mkurugenzi pedi. Akarusha Kinyonga, akamtoa mpigaji, akashangilia. Akarusha tena. Mwamuzi akanyoosha mkono. "Ananionea huyu!" Akarudia, akatolewa uwanjani. Akaanza mechi upya huku anamtukana mwamuzi kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Safari hii alikishika Kinyonga rohoni kama mtu mwenye siri, akaurusha ule mpira wa kawaida, akimchosha mpigaji pole pole. Mara tukasahau kazi, tumemzunguka sote. Aliposhinda alifuta jasho akasema, "Acheni hivi hivi. Mtu asiguse."

Gemu limetoka. Watu wanasifia sauti, wanasifia uwanja unaochakaa, na karibu kila mmoja anamtaja mrushaji mwenye mkono uliopinda. Wadakaji wametuaibisha: kuna video inazunguka, wawili wanaurukia mpira mmoja na kubaki wamekumbatiana mpaka mwisho wa mechi. Mmoja kaandika, "Lichukueni kwa urushaji, wadakaji mwachieni Mungu." Ana haki. Naanza nao kesho. Lakini tuna kazi ya kuendelea nayo, na vigae vitabaki huko huko chini.

Wewe umenyamaza. Mama anasema unatoka asubuhi na mkoba na kurudi hoi, na kwamba hakuulizi. Mimi nauliza. Chama kimesemaje?

Betri


3 Juni

Mdogo wangu Betri,

Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuandikia matumaini. Nilitaka nikuandikie habari.

Walinipima. Chumba cha baridi, kamera kama zenu, mtaalamu mmoja asiyetabasamu. Nikamwambia kuhusu Kinyonga kabla hajauliza. Akaacha kuandika, akanitazama. "Watu huwa wanauficha," akasema. Nikamwambia, "Nimechoka kuficha, tuanze." Nilirusha mpaka mkono ukawa kama si wangu. Kisha nikarudi kungoja, na katika kungoja nikaanza kujifunza upya: mpira ule ule mmoja, lakini mara wa haraka, mara wa polepole, mara wa juu, mara unaodondoka mapema. Huko ndiko nilikokuwa nakwenda na mkoba. Mtu mwenye sahani moja lazima ajue kuiandaa kwa namna nyingi.

Alhamisi ruhusa ikafika. Nilipoingia ndani kumwambia Mama, nikamkuta anapaka viatu vyangu vya mechi rangi nyeupe. Alikuwa anajua yote tangu lini sijui. Akasema tu, "Hivi vilikuwa vichafu."

Jumamosi nikacheza. Kapteni alinipa mpira bila hotuba. Mwamuzi hakuwa yule mama. Alikuwa mzee mmoja mkavu ambaye sijawahi kumwona, na hilo lilinitisha zaidi, maana sikujua macho yake yanaona nini. Mpigaji alikuwa binti mrefu, ananijua. Nilimwona anavyosimama, mguu wake wa nyuma umejiandaa: alikuwa anakingoja Kinyonga. Betri, vidole vyangu viliwasha. Ningekirusha mara moja tu, angetoka, na huenda asingeona mtu.

Nikarusha wa kawaida.

Aliupokea katikati ya ubao. Mlio mzito, mtamu. Ukapita juu ya kichwa changu, juu ya kamba, juu ya uzio, tukasikia unatua barabarani kwenye paa la gari na mtu anafoka. Watu wakasimama wakipiga kelele. Mimi sikuuangalia mpira. Niligeuka nikamwangalia mwamuzi.

Mzee akaiangalia barabara kwanza. Kisha akainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Sita: alama sita kwa mpigaji, na hakunyoosha mkono pembeni.

Kapteni alinijia mbio, kanishika begani pale pale alipowahi kunishika. "Pole, dada, usijali, inatokea." Akaniangalia usoni. "We! Unacheka nini? Umepigwa sita!"

"Mpira wangu umehesabiwa," nikamwambia.

Mtu akautupa mpira ndani kutoka barabarani, ukaja ukidundadunda kwenye majani. Nikanyoosha mkono wangu, kadiri unavyonyooka, nikauomba.

Dada yako,
Kombo